Kebo Tuliyokwenda Nayo Endabash

Siku niliyokabidhi funguo za studio, mmoja wenu aliniuliza mlangoni, "Fundi, hicho kisanduku kipya cha sauti, tuagize cha USB au cha faya-waya?" Nilimjibu kwa maneno mawili, kwa sababu keki ilikuwa inakatwa na watu walikuwa wananiita nikalishwe. Jibu refu ni hili. Ni refu kuliko alivyotaka, na sehemu yake kubwa haihusu nyaya.

Nilifika Karatu mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea Kibosho, nikiwa na cheti cha ufundi redio, begi moja, na imani kwamba ningekaa miezi sita tu. Barabara ya kupandia lango la Ngorongoro ilikuwa bado ya udongo. Magari ya watalii yakipita, mji ulikuwa unapotea kwenye vumbi, halafu unarudi ukiwa mwekundu zaidi ya mwanzo. Vumbi hilo ndilo lililonipa kazi. Liliingia kwenye kila redio kaseti ya mji ule, na kila aliyekuwa na redio alikuwa na safari ya kwenda kwa Mzee Salum.

Mzee Salum alikuwa mtu wa Kondoa, mwenye duka la vipuri na meza ya ufundi karibu na soko. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokufa. Nikashika bisibisi nikaanza kufungua.

"Umeisikiliza?" akaniuliza.

"Haisemi, mzee."

"Haisemi vipi?"

Sikuelewa swali. Akaichukua, akaiwasha, akaisogeza sikioni kama mtu anayempima mtoto homa. "Hii inapumua," akasema. "Umeme unaingia. Spika ndiyo imekatika. Wewe ungeanza kuvunja transfoma ya watu." Wiki nzima iliyofuata hakuniruhusu kugusa chuma cha kulehemu. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza redio mbovu na kumweleza ubovu wake kabla ya kuzifungua. Nilimchukia wiki hiyo. Sijawahi kupata shule nyingine iliyonifaa kama ile, na nasikitika kusema kwamba siku niliyoihitaji zaidi niliisahau.

Baada ya miaka mitatu nilichukuliwa na studio hii mnayoijua. Jina lake naliacha, maana wengine wangali wanakula humo. Kazi yetu ilikuwa kurekodi masimulizi, nyimbo na vipindi vya kilimo na mifugo, kuvidurufu kwenye kaseti na kuvisambaza vijijini. Mitambo yetu ilikuwa mashine moja ya kaseti ya kubeba begani, maikrofoni mbili, mikisa ndogo ya kuchanganyia sauti yenye vifungo vinne, kimoja kikiwa pambo, na betri ya gari.

Kwa vifaa hivyo tulifanya kazi ambazo sioni aibu kuzitaja. Tulitumwa Olbalbal wakati wa kiangazi kumrekodi mzee mmoja wa Kimaasai aeleze habari za visima vya zamani. Tulifika asubuhi, tukafunga vifaa, nikavika maikrofoni soksi ya sufu ili upepo usiivurugie sauti. Yule mzee akatutazama, akasema, "Ng'ombe wanywe kwanza." Ng'ombe walikuwa njiani bado. Walifika saa nane mchana, wakanywa mpaka wakatosheka, ndipo naye akakaa akazungumza. Nilirekodi pande mbili za kaseti, na baada ya kila upande nilirudisha nyuma nikasikiliza mwanzo, katikati na mwisho, mzee akiningoja bila kulalamika. Kaseti ile ilipita mikononi mwa watu wengi, na kila sentensi yake ilisikika. Ninaieleza hapa ili mjue kwamba kazi hii niliijua.

Kompyuta zikaja. Ya kwanza ilikuwa ya mezani, kubwa kama jokofu dogo, na kadi yake ya sauti ilikuwa ndani ya tumbo. Kadi ya ndani ilikuwa nzuri kwa kazi za ofisini, ila haiwezi kubebwa kwenda shambani, na ukiweka sikio karibu unasikia feni na diski vikiimba pamoja na mwimbaji wako. Ndiyo maana tukaanza kutafuta kisanduku cha nje: kifaa kidogo kinachopokea maikrofoni, kinageuza sauti kuwa namba, kisha kinazipeleka kwenye kompyuta kwa kebo. Swali likawa kebo ipi.

Wakati ule chaguo zilikuwa mbili. USB ya kizazi kile ilikuwa njia nyembamba. Ilibeba maikrofoni mbili vizuri, ukiongeza inajikwaa. Uzuri wake ni kwamba kila kompyuta ilikuwa na tundu lake, na tundu hilo lilikuwa linakilisha kisanduku umeme. Faya-waya ilikuwa barabara pana. Ilibeba maikrofoni nane bila kutoa jasho. Lakini tundu lake halikuwa kwenye kila kompyuta, na kwenye nyingi za kubeba lilikuwa lile dogo lisilopitisha umeme, hivyo kisanduku kinahitaji chanzo chake chenyewe. Na lilikuwapo jambo la tatu ambalo maduka hayakuwa yanasema: tundu kuwapo si sawa na tundu kuelewana na kisanduku. Ndani ya kompyuta kuna kijidude kinachoendesha tundu hilo. Vingine vinaelewana na kisanduku chako, vingine vinakubali kwa mdomo tu.

Mtu aliyenisaidia kuyajua haya alikuwa Veronika. Alikuja studio akiwa na miaka ishirini na kitu, Mwiraqw wa Endabash, mkali wa kusikia, mwepesi wa kukasirika. Aliniita kaka tangu siku ya kwanza, nami nikamwita dada Vero. Tulikopeshwa visanduku viwili, kimoja cha kila aina, tukavijaribu kwa miezi mitatu. Yeye ndiye aliyeweka daftari. Cha USB chenye maikrofoni mbili, tulikirekodisha saa nzima bila kusimama, kwenye kompyuta ile ile ya kubeba ambayo tungekwenda nayo vijijini, kwa umeme wa betri. Hakikukosea hata mara moja. Cha faya-waya tulikijaribu kwenye kompyuta ya mezani, kikafanya kazi safi. Kwenye ile ya kubeba hatukuwahi kukijaribu zaidi ya dakika tano, kwa sababu zamu yake ilipofika Meneja alikuwa akisafiri nayo.

Sasa kuhusu Mzee Boay. Alikuwa mdogo wa babu yake Veronika, mzee wa Endabash aliyekuwa maarufu kwa slufay, ile dua ndefu ya Wairaqw ambayo kiongozi anaitamka mstari kwa mstari na watu wanaitikia. Wapo wanaoijua vipande. Yeye alikuwa anaijua yote, kama alivyoipokea kwa baba yake, na ilimchukua karibu saa nzima. Miaka mingi alikataa kurekodiwa. Veronika alikwenda kwake mara nne. Mara ya nne alikubali kwa sharti moja: ataisema mara moja, mbele ya majirani, na hatasimamishwa. Alimwambia, "Dua si wimbo wa kurudia rudia." Binti yake aliyekuwa akikaa naye, Paskalina, mama mtu mzima, aliahidi kuwakusanya watu.

Meneja wetu alilipenda jambo hili kwa sababu zake. Nitamwita Meneja tu. Wafadhili wawili wangekuwapo siku hiyo, na alitaka wakute mitambo. Aliponiomba mapendekezo ya kisanduku cha kununua, niliandika ukurasa mmoja. Niliandika USB, maikrofoni mbili, moja ya mzee na moja ya waitikiaji, na mashine ya kaseti iende pamoja iwe akiba. Akaniita ofisini.

"Aloyce, maikrofoni mbili? Hata kwaya ya shule inazo mbili."

"Anayesema ni mtu mmoja, Meneja. Ya pili ni ya waitikiaji. Ya tatu ingekuwa ya nani?"

"Ya maendeleo," akasema, akacheka mwenyewe. Kisha akaacha kucheka. "Faya-waya ina nafasi nane. Nimeshawaambia wageni kuwa tuna nafasi nane. Wewe si umeijaribu ikafanya kazi?"

"Kwenye ya mezani. Hii ya kubeba hatujaijaribu kwa muda mrefu."

"Lakini imefanya kazi."

"Imefanya, dakika tano."

"Basi andika imefanya kazi."

Nikaandika. Nataka hili mlisome polepole. Hakunitishia, hakupiga meza. Alinisogezea karatasi nyingine na kalamu, nami nikaandika kwamba kisanduku cha faya-waya kimejaribiwa na kinafaa, nikatia sahihi. Nilijiambia kuwa dakika tano ni majaribio. Ule ukurasa wa kwanza niliukunja nikautia mfukoni, nikaufua pamoja na suruali.

Veronika aliposikia alinifuata stoo. "Kaka, angalau tubebe kaseti."

"Meneja amesema hapana. Anasema tutaonekana washamba."

"Sisi ni washamba. Tunakwenda shambani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tulikwenda Endabash asubuhi ya Jumamosi. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, na watu kama sitini walikuwa wamekaa uani kwa Mzee Boay, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Mzee mwenyewe alivaa koti lake la misa juu ya shuka. Meneja aliwakalisha wageni kwenye viti vya mbele. Nilipanga maikrofoni nane. Mbili zilikuwa na kazi, sita zilikuwa zinatazamana. Jenereta tuliiweka nyuma ya zizi, mbali, maana kisanduku kilikuwa hakipati umeme kwenye tundu la kompyuta. Nikavaa hedifoni, nikachomeka kwenye kisanduku, nikamwomba mzee aseme neno. Sauti ikaja safi kama maji ya chemchemi. Nikanyoosha kidole gumba kwa Meneja.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, nami sitalipunguza. Hedifoni ikichomekwa kwenye kisanduku inakusikilizisha kinachoingia. Haikusikilizishi kinachoandikwa kwenye kompyuta. Kati ya hapo na pale kuna kebo. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimewafundisha wengine hilo.

Mzee akaanza. Sijui Kiiraqw zaidi ya salamu na bei ya mbuzi, lakini mwili wangu ulielewa. Mstari ulikwenda kwa sauti ya chini, na watu sitini wakaujibu kwa mvumo mmoja uliotoka kifuani, na tena, na tena, mpaka hata kuku wakanyamaza. Veronika alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, machozi yakimtoka huku akiangalia skrini. Baada ya dakika kama kumi akanigusa goti.

"Kaka, kuna kitaa kinawaka chekundu. Kinawaka na kuzima."

Nikasikiliza. "Iko safi," nikamnong'oneza.

"Tazama."

Nikatazama. Kilikuwa kinawaka. Nikajiambia huenda ni sauti inayozidi kidogo, nikapunguza kifungo. Kikaendelea. Veronika akasogeza mkono kwenye kibodi ili afungue sehemu iliyokwisha kuandikwa asikilize. Meneja, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akamshika mkono.

"Usiguse," akasema akiuma meno. "Unataka kuharibu?"

Meneja akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Neno langu moja lingetosha. Pengine tusingeiokoa dua yote, lakini ningeweza kuagiza mashine yoyote ya kaseti pale kijijini, hata redio ya jirani yenye kitufe chekundu, tukapata nusu. Nikasema tena, "Iko safi." Veronika akarudisha mkono mapajani. Dua ikaendelea mpaka mwisho.

Jumatatu tulifungua rekodi studio. Tulikuta sauti imekatwa katwa. Neno linaanza, linapasuka, inakuja kimya, inakuja nusu ya neno jingine, kama mtu anayezungumza kupitia feni. Saa nzima ilikuwa hivyo. Kompyuta ile ya kubeba na kisanduku kile havikuwa vikielewana, na kadiri muda ulivyokwenda vilizidi kupishana. Veronika alisikiliza kama dakika ishirini, mikono kichwani. Kisha akavua hedifoni akaiweka mezani taratibu sana.

"Turudi," akasema. "Leo leo. Nitamwomba mimi mwenyewe. Nitapiga magoti."

Meneja alisema tungerudi, ila si leo. Wageni walikuwa bado wako hotelini juu ya Karatu, na alikuwa ameshawaambia kwamba rekodi imetoka vizuri mno na iko kwenye uhariri. Kurudi kabla hawajaondoka kungekuwa kukiri. Wageni walipoondoka, gari lilikwenda Ololosokwan kwenye semina. Liliporudi, likawa na safari ya Arusha. Wiki ya tano Paskalina alituma ujumbe kwamba baba yake amelala na hakuamka. Alikuwa mzee sana. Hakuna aliyekuwa na haki ya kushangaa, na sisi ndio tuliokuwa na haki ndogo kuliko wote.

Veronika alikwenda mazishini. Alirudi akaingia moja kwa moja ofisini kwa Meneja, na wote tuliokuwa koridoni tulimsikia. Aliuliza ni lini wafadhili wataambiwa, na familia itaambiwa nini. Siku mbili baadaye iliandikwa karatasi. Ilisema kwamba rekodi ya Endabash iliharibika kwa sababu mtumishi, Veronika, aligusa mashine wakati kazi ikiendelea, mbele ya mashahidi. Chini palikuwa na mstari ulioandikwa "Uchunguzi wa kiufundi", na nafasi ya sahihi yangu.

Meneja alinieleza kwa upole. "Angalia, Aloyce. Kama si yeye, basi ni kisanduku. Kama ni kisanduku, ni nani aliyeandika kwamba kimejaribiwa na kinafaa?"

Akanikabidhi karatasi nikaisome.

Kabla sijatia sahihi, Veronika alinikuta kwenye ngazi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza, "Kaka, mimi niligusa?"

"Hukugusa."

"Wewe ulikuwa unasikia nini kwenye hedifoni?"

"Safi. Mwanzo hadi mwisho."

"Basi waambie hivyo tu. Usinitetee. Waeleze ulichosikia, na kwa nini ulisikia hicho."

Nikamwambia nitaangalia. Neno hilo, nitaangalia, nimelitumia kwa wateja wengi wenye redio zisizofaa kutengenezwa. Nilitia sahihi mchana huo. Ijumaa yake alikabidhi kitambulisho na kuondoka na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake, daftari la majaribio na kanga. Kijijini kwao walijua kuwa yeye ndiye aliyemshawishi babu, na yeye ndiye aliyeipoteza dua. Waliambiwa na ofisi, kwa barua yenye mhuri.

Wiki chache baadaye nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla. Nilichukua kompyuta ile ya kubeba, kisanduku kile na kebo ile ile, nikarekodi redio kwa saa nzima. Ikakatika katika kama Endabash. Nikahamishia kisanduku kwenye ya mezani, saa nzima, safi. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha umeme, matokeo yakawa yale yale. Nilikuwa na uhakika ambao fundi anaupata mara chache maishani mwake, nikaufungia kwenye droo. Kisanduku kikakaa studio miaka yote iliyobaki, maikrofoni mbili zikitumika na matundu sita yakila vumbi. Nyinyi mmekikuta. Mlidhani kilinunuliwa kwa kuona mbali.

Kwa hiyo jibu kwa aliyeniuliza. Hesabu midomo kabla ya kuhesabu matundu. Kama wasemaji ni wawili na USB inawatosha, chukua USB, na asikuaibishe mtu. Kama ni bendi nzima, chukua njia pana, lakini ijaribu kwenye kompyuta ile ile utakayokwenda nayo, kwa umeme ule ule, kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Usiulize kama tundu lipo, uliza kama vinaelewana. Kebo iwe fupi, na usiichomeke wala kuichomoa mitambo ikiwa inawaka. Beba akiba ya kizamani isiyohitaji kompyuta. Sikiliza kilichoandikwa, si kinachoingia. Na mtu mwenye masikio mazuri akikugusa goti, simamisha kazi, hata kama mbele yenu amekaa malaika.

Nilistaafu kwa heshima. Meneja, ambaye siku hizo alikuwa mkubwa zaidi na anakaa Arusha, alituma salamu zikasomwa. Zilinisifu kwa uaminifu. Nilipiga makofi pamoja na wengine kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi nyingine.

Mwezi uliofuata nilikwenda kumwona Veronika. Ana chumba chake cha kurekodi kwaya hapa hapa Karatu, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Miaka yote ile nilikuwa nimepita mtaa wa pili ili nisikipite. Nilimkuta na akina mama wa kwaya kumi na wawili wakinywa chai, wakingoja zamu. Mezani palikuwa na kisanduku kidogo cha USB, cha maikrofoni mbili, na pembeni mashine ya kaseti ikiwa tayari.

"Shikamoo," nikasema, nikakosea, maana mimi ndiye mkubwa.

"Shikamoo wewe, kaka," akajibu. "Karibu, kaa."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Majaribio, droo, sahihi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani na yalitoka yote kwa mpangilio, kama hotuba. Alinisikiliza akiwa anakunja waya, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuufinya.

"Umemwambia nani mwingine?" akauliza.

"Wewe kwanza."

"Mimi nilikuwepo, kaka," akasema. "Kawaambie ambao hawakuwepo."

Kisha akawaita akina mama waingie, nami nikatoka kuwapisha.

Siku tatu baadaye nilipanda Endabash. Paskalina alikuwa anapepeta maharage uani pale pale. Alinipa kigoda, akanipa maziwa, akanisikiliza. Nilimwambia Veronika hakugusa kitu. Nilimwambia kosa lilikuwa la kisanduku, na la mkuu wangu, na langu, na kwamba langu ndilo lililokuwa rahisi kuzuilika. Akaendelea kupepeta muda mrefu. Mwisho akauliza, "Hata neno moja halikupona?"

Nilikuwa nimebeba CD. Niliinakili ile rekodi kabla ofisi haijaamuru ifutwe, na sikuwahi kuwa na ujasiri wa kuisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia ni mbovu, hatapata dua humo. Akasema, "Nayajua maharage mabovu yalivyo, weka." Akatoa redio yake yenye sehemu ya CD, nikaiweka, tukakaa. Sauti ya baba yake ikaja vipande vipande, watu wakaitikia vipande vipande. Paskalina hakulia. Midomo yake ilikuwa inatembea, akijaribu kujaza mapengo, na mara nyingi akishindwa.

Dua ikaisha. Nilitaka kuzima, akanizuia kwa mkono. Kumbe mashine iliendelea kuandika baada ya hapo, na kwa sababu nisiyoijua mimi wala mtengenezaji wake, kile kipande cha mwisho kilitoka salama. Ikasikika pumzi ya mzee, akikohoa kidogo. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mmeshapata?"

Ikaja sauti ya mtu mwingine, ya kijasiri, iliyo karibu sana na maikrofoni. Ilikuwa sauti yangu.

"Tumepata, mzee. Yote."

Paskalina akaniomba nirudishe nyuma. Alitaka kumsikia baba yake akiuliza. Nikarudisha. Akaomba tena, nikarudisha tena, na kila mara mzee alipouliza, nilijibu.